Mteremko wa Mzee Mita

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifanya kazi posta miaka ishirini na minane, nyuma ya dirisha lilelile, akigonga mihuri. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Stempu, na mumewe, aliyepita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, alikuwa Mzee Mita. Tulikuwa tukisema kwamba nyumba ile hakiingii kitu bila kupimwa wala hakitoki bila kugongwa muhuri, na wenyewe walicheka kuliko sisi.

Ndani ya nyumba yao, lakini, Mzee Mita alikuwa na jina lake la kumwita mkewe. Alimwita Mama Kasuku.

Kasuku alikuwa binti yao wa kwanza. Alizaliwa na miguu iliyolegea kama uzi uliolowa, na madaktari walisema mapema kwamba hatatembea. Kusema, hata hivyo, alianza kabla ya wenzake wote wa rika lake, na akishaanza hakujua kituo. Alisema akila, alisema akioga, alisema na kuku waliopita. Mimi nasuka watu nywele uani kwangu, na wateja wangu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. "Shangazi, leo unamsuka nani?" angeuliza kutoka ng'ambo ya ukuta. Ukimjibu tu, umekwisha, kazi haisogei tena.

Nyumba yao imejengwa juu ya msingi mrefu kwa sababu upande ule maji ya mvua hutuama. Kutoka mlango wa jikoni kwenda uani kulikuwa na ngazi tano za saruji. Kasuku alipotaka kutoka nje ilibidi mtu ambebe, kisha arudi kukifuata kiti chake cha magurudumu. Alipokuwa mdogo haikuwa tabu. Alipofika miaka kumi, mgongo wa mama yake ulianza kulalamika, na mtoto naye akauona. Akaanza kushinda ndani. Ukimuuliza, anakwambia leo hana hamu ya jua. Mtoto yule akose hamu ya uani, kwenye watu wa kuongea nao! Baba yake alimwelewa.

Mzee Mita hakuwahi kushika randa maishani mwake. Alinunua mbao za bohari la zamani lililokuwa likibomolewa, mbao ngumu nyeusi ambazo msumari ulipinda kabla ya kuingia, na kwa miezi saba, kila Jumapili, tulisikia nyundo na tulisikia pia maneno ambayo sitayaandika. Alijenga baraza pana la mbao, sakafu yake sawasawa na kizingiti cha mlango wa jikoni, na kutoka pale akashusha mteremko mrefu wa mbao, wenye kona moja na vishikio pande zote mbili, mpaka uani. Siku alipomaliza, Kasuku alikataa kusukumwa. Alishuka mwenyewe, viganja juu ya magurudumu, akiongea njia nzima: "Niacheni, nashuka, mnaona, nashuka." Alipofika chini akakigeuza kiti, akatazama juu kwa muda.

"Baba," alisema, "kona yako imepinda."

Basi mbao zinazokaa nje ni kama ndugu mgomvi, ukimpuuza msimu mmoja unamkuta kabadilika. Mzee Mita alilijua hilo. Kila mvua zilipokwisha alichukua likizo ya siku nne. Alipiga magoti na kisu butu, akakwangua uchafu ulioziba nafasi kati ya ubao na ubao, kwa sababu, alivyosema, maji yakikosa pa kupita yanageuka mpangaji. Akasugua kwa brashi ngumu, akaacha mbao zikauke kabisa, akapiga msasa palipoinuka nyuzi, kisha akapaka mafuta ya mbao kwa fulana kuukuu. Kasuku alikaa mlangoni akisimamia. "Umeruka hapo, Baba. Hapo tena. Wewe unasoma mita hivyohivyo?" Na mdogo wake wa kiume, ambaye alikua ameshika mpini wa kile kiti, alicheka mpaka akakaa chini.

Kasuku alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Yalikuwa mapafu. Alilazwa siku tatu, na siku ya tatu, mchana, daktari aliandika dawa ambayo ilibidi ichukuliwe dirisha la dawa, ghorofa ya chini. Mama Stempu alikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye, aliyekaa upande wa pili wa foleni maisha yake yote, alisubiri zamu yake bila kulalamika. Aliporudi na dawa mkononi, muuguzi alikuwa anavuta pazia. Mumewe alikuwa amesimama, ameushika mkono wa mtoto, hakugeuka.

Wiki moja baada ya mazishi alimuuliza mumewe swali moja. "Alisema kitu?"

Mzee Mita alimtazama. Akatoka nje, akachukua brashi, akaanza kusugua baraza ambalo halikuwa na uchafu. Mama Stempu alimfuata hadi mlangoni, kisha akarudi.

"Sikumuuliza tena," aliniambia miaka mingi baadaye. "Nilisema moyoni, siku moja atanieleza mwenyewe. Nilidhani tuna muda."

Kile kiti walikipeleka zahanati, kikapewa mtoto mwingine. Mteremko ulibaki. Kila mvua zilipokwisha Mzee Mita aliendelea kuchukua siku zake nne, akausugua na kuupaka mafuta kama kawaida, hata baada ya kustaafu, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsikia akilitaja jina la binti yake. Mkewe sasa akaitwa tu "bibie". Lile jina la Mama Kasuku lilikwenda na mwenyewe.

Mpaka asubuhi moja, mwaka wa kumi na moja. Mama Stempu alikuwa anamenya vitunguu. Mzee Mita aliingia jikoni, ameoga, ameongea vizuri kuhusu hali ya hewa, kisha akasema, "Mama Kasuku, mtoto ameshaamka?"

Kisu kilimkata kidole. Ndivyo alivyojua kwamba ugonjwa umeingia nyumbani.

Daktari aliuita ugonjwa wa kusahau, akaeleza kwamba kumbukumbu zinaondoka kuanzia zile za karibuni, na za zamani ndizo zinazobaki mwisho. Mara ya kwanza Mama Stempu alimweleza mumewe ukweli, kwa upole, huku amemshika bega. Mzee Mita alisikia kama mtu anayeletewa habari ya msiba mlangoni. Alilia siku ile nzima, na kesho yake akauliza tena mtoto yuko wapi. Mara ya pili akamweleza tena. Mara ya tatu hakuweza kumaliza sentensi.

"Jirani," aliniambia, "mimi nimemzika mwanangu mara moja na ilinitosha. Yeye nimemzikisha mara tatu kwa mkono wangu." Tangu siku ile, akiulizwa, alijibu kwamba Kasuku yuko shule. Mzee Mita aliridhika. Aliuliza kama amekula kabla ya kwenda, akaambiwa amekula.

Baraza likakosa mtu. Msimu wa kwanza wa mvua likapata ukungu wa kijani. Msimu wa pili, Mama Stempu alikuwa anaanika nguo mguu wake ukapita katikati ya ubao hadi kwenye goti. Hakuvunjika, ila alichubuka vibaya, na aliniita nimtoe. Nilimkuta amekaa pale, mguu mmoja juu na mmoja chini, nguo zilizolowa mapajani.

"Usicheke," aliniambia.

"Sicheki."

"Basi cheka kidogo, nipate kusimama."

Alimpigia simu mwanawe, yule mdogo wake Kasuku, ambaye sasa anaendesha mitambo ya kutengeneza barabara, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Mwanawe alisema aliyoyasema kila mara: "Mama, bomoa hilo baraza umwage zege. Zege halitaki mafuta, halitaki msasa, halitaki mtu."

"Baba yako je?"

"Baba hatajua."

Mama Stempu alikata simu. Akakata shauri kutafuta fundi.

Fundi wa kwanza nilimpeleka mimi, na mpaka leo naona haya. Alikuwa mume wa mteja wangu, fundi wa maneno kuliko wa mbao. Alikuja na mashine ya kurusha maji kwa nguvu, ile ya kuoshea magari, akalichapa baraza kwa nusu siku. Uchafu ulitoka kweli, lakini na nyama ya mbao ilitoka nao, zikabaki nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Kesho yake asubuhi, mbao zikiwa bado zimebeba maji tumboni, akazipaka vanishi nzito inayong'aa. Palimetameta, sikatai. Tulimpigia makofi. Wiki ya tatu vanishi ikaota malengelenge, ya tano ikaanza kubambuka vipandevipande kama ngozi iliyoungua, na chini yake mbao zilikuwa nyeusi na zinanuka. Fundi yule simu yake ikawa haipatikani. Mteja wangu naye akahamia kwa msusi mwingine.

Wa pili Mama Stempu alimpata mwenyewe. Aliulizia duka la mbao ni fundi gani hurudisha mbao akikosea kukata, akaambiwa wapo wengi. Akauliza ni yupi hajawahi kurudisha. Wakamtajia mmoja tu, mtu wa makamo, mwembamba, mpole, waliyemwita Pima Mbili kwa sababu hakati kitu kabla ya kukipima mara mbili.

Pima Mbili hakuja na mashine. Alikuja na bisibisi, kurunzi na kipande cha gunia. Aliuliza kwanza mbao ni za wapi, nani alijenga, zilipakwa nini na lini. Kisha akapita ubao kwa ubao akichoma kwa ncha ya bisibisi. Pengine iligonga na kukataa. Pengine ilizama kama kwenye ndizi iliyoiva. Baadaye akatandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya baraza, tukabaki tukiona viatu vyake tu.

Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani. "Mama, aliyejenga hapa hakuwa fundi," alisema.

"Alikuwa msoma mita."

"Hakuwa fundi, lakini hakuwa mvivu. Ameweka boriti mara mbili ya zinazohitajika. Ndiyo maana limesimama." Akahesabu kwa vidole: boriti tatu za kubadilisha, mbao za juu kama nusu zinaokoka akizigeuza na kuzipiga randa, vanishi yote ikwanguliwe. "Tatizo ni huu mteremko. Nguzo zake zimezikwa moja kwa moja kwenye udongo, na udongo umepanda mpaka kwenye mbao. Umeoza wote, juu mpaka chini. Kuna mtu anautumia?"

"Hakuna," alisema Mama Stempu.

"Basi tuuondoe, niweke ngazi."

"Uondoe."

Alilisema haraka, aliniambia, kama mtu anayeng'oa jino. Miaka yote ile alikuwa akifungua mlango wa jikoni na kitu cha kwanza machoni pake ni ule mteremko. Alitaka ung'oke. Hakumwambia fundi ulijengwa kwa ajili ya nani, na fundi si mtu wa kuchungulia mambo ya watu.

Kazi ilianza Jumatatu. Hakuna aliyetarajia kilichotokea kwa Mzee Mita. Alipoona mtu amepiga magoti juu ya baraza na randa, alileta kigoda chake akakaa karibu. Saa moja baadaye alikuwa chini pamoja naye. Mikono iliyokuwa imesahau kufunga vifungo vya shati ilikumbuka msasa. Alipiga kufuata nyuzi za ubao, si kukata, na kila baada ya muda alipitisha kiganja kusikiliza. Pima Mbili alimwachia kona moja yake mwenyewe.

"Mzee, umenizidi," alimwambia.

"Wewe bado kijana. Utajua."

Fundi ana miaka hamsini na nne.

Siku tatu zile, Mama Stempu aliniambia, zilikuwa njema kuliko zote alizopata tangu ugonjwa uingie. Alipika akisikiliza sauti za wanaume wawili wakibishana juu ya msumari na skrubu. Siku ya tatu alisikia mumewe akisema, "Mteremko huu ni wa binti yangu. Miguu yake haina nguvu, lakini mdomo, utakuja kuusikia. Akirudi shule atakwambia umekosea wapi."

"Ana bahati kuwa na baba fundi," alisema Pima Mbili.

Mama Stempu alikuwa na mwiko mkononi. Aliutazama mwiko. Angeweza kutoka pale pale, amwite fundi kando, amweleze. Alijua hivyo, na alinieleza bila kujitetea: hakutoka. Alitaka siku njema imalizike ikiwa njema. Alijiambia kwamba kesho atampeleka mumewe kunyoa nywele, na wakirudi ngazi itakuwa imeshawekwa, na Mzee Mita, kama mwanawe alivyosema, hatajua.

Fundi naye usiku ule alijiuliza, alivyotueleza baadaye. Mzee anasema kuna mtoto, mama anasema hakuna anayeutumia. Akafikiri pengine mtoto amepata miguu ya bandia, au anasoma bweni. Watu wana mambo yao. Mwenye nyumba aliyempa kazi ni mama, na mama alisema uondoe.

Alhamisi walirudi kutoka kwa kinyozi saa sita. Mzee Mita alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua mlango wa nyuma.

Mteremko haukuwepo. Mbao zake zilikuwa zimelundikwa uani, nyeusi, zimevunjika, misumari juu. Mahali pake palikuwa na mashimo manne ya nguzo na ngazi mpya ambayo haijapigwa msasa.

"Mtoto atapita wapi?" aliuliza Mzee Mita.

Pima Mbili alimtazama mama.

"Wewe," Mzee Mita alimgeukia fundi, na sauti yake mimi niliisikia kutoka kwangu, nikaacha kichwa cha mteja nusu. "Nakuuliza. Nilikwambia ni wa binti yangu. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mzee."

"Saa tisa anarudi. Atapita wapi?"

Akashuka ile ngazi mpya, akiyumba, akalifikia rundo, akaanza kuvuta mbao. Alivuta ubao mmoja akauburuta hadi kwenye baraza, akauegemeza. Ukakatika. Akafuata mwingine. Vibanzi vilimwingia viganjani, damu ikatoka, wala hakuona. Fundi alimshika mkono akasukumwa. Nilikuwa nimeshapanda juu ya ndoo kwenye ukuta, nikaona yote kuanzia hapo.

Mama Stempu alishuka. Hakukimbia. Alimshika mumewe mikono yote miwili, pale penye damu, akamkalisha juu ya ngazi, akakaa karibu naye.

"Baba Kasuku," alimwita. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo tangu msiba. "Harudi saa tisa."

"Kesho?"

"Harudi. Kasuku alifariki."

Uso wa Mzee Mita ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Lini?"

"Miaka kumi na mitatu sasa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Hospitalini. Wewe ndiye uliyemshika mkono."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa foleni ya dawa." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nilichelewa."

Mzee Mita alimtazama mkewe, na nadhani katika kumtazama kule alimhurumia, kwa sababu aliinua mkono wake uliojaa vibanzi akamgusa shavu, akaliacha na alama. Kisha akauliza, kwa upole, kama baba yeyote angeuliza: "Alisema nini?"

Mama Stempu alikuwa amelibeba swali lile miaka kumi na mitatu akimngoja mtu mmoja tu duniani anayeweza kulijibu.

"Wewe ndiye unayejua," alisema. "Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Mimi?"

"Wewe."

Alifikiri. Jamani, nilimwona akifikiri, macho yamefumbwa, midomo inatembea, mtu mzima anatafuta ndani ya nyumba iliyohamwa. Alitafuta kwa muda mrefu. Mwishowe akafumbua macho akasema, "Nisamehe, mke wangu. Sijui."

Hapo ndipo nilipomsikia Mama Stempu akilia. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Pima Mbili aliweka nyundo chini, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, uso kwenye ukuta. Mteja wangu akaniuliza kule kuna nini, nikamwambia nyamaza.

Kesho yake Mzee Mita alikuwa amesahau habari yote, lakini huzuni haikusahauliwa. Aliamka nayo bila kujua imetoka wapi. "Nina uzito kifuani," alimwambia mkewe, "kama nimefanyia mtu kitu kibaya. Nimemfanyia nani?" Akatazama viganja vyake vilivyofungwa bandeji, akauliza vimepatwa na nini. Akaambiwa ni kazi.

Pima Mbili alifika asubuhi ileile, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema, "Mama, ungeniambia."

"Najua."

"Nisingeung'oa."

"Najua, fundi. Kosa ni langu. Nilichoka kuuona." Akamweleza yote, wamesimama pale mlangoni, tangu kiti cha magurudumu mpaka foleni ya dawa.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Hakutoa pole nyingi. Aliuliza kona ile ilikaa upande gani na kama kishikio kilikuwa cha urefu wa kifua cha mtu aliyekaa. Kisha akaenda kupima. Aling'oa ngazi yake mwenyewe. Safari hii nguzo aliziweka juu ya vipande vya zege vilivyoinuka kutoka ardhini ili mbao zisiguse udongo, akaacha nafasi ya kupitisha maji kati ya kila ubao, akazipaka mafuta hata ncha zilizokatwa, ambazo watu husahau. Ilimchukua wiki mbili. Mzee Mita alikaa kwenye kigoda, lakini hakushika tena msasa. Ile siku moja ilikuwa imechukua kitu ambacho hakikurudi.

Kazi ilipokwisha Mzee Mita alipanda mteremko, akaushuka, akaupanda tena, mkono kwenye kishikio. "Sasa anaweza kuja," alisema.

Tangu hapo kila saa tisa alitoka na kigoda kumngoja binti yake. Mama Stempu naye alitoka na kiti chake, akakaa karibu, na jua likishuka alimwambia, "Leo wamechelewa, twende ndani." Kila siku. Nilimwuliza mara moja anawezaje. Akaniambia, "Zamani alimlilia peke yake na mimi peke yangu. Sasa angalau tunangoja wote wawili." Nilidhani amepata nafuu. Kisha akaongeza, "Lakini usidhani si adhabu."

Mwanawe alikuja baada ya miezi minane, baba yake alipoacha kula. Aliuona ule mteremko mpya akakasirika, akauliza umejengewa nani. Jioni nilimwona kijana yule, mtu mzima mwenye mikono ya kuendesha mitambo, amesimama juu kabisa ya mteremko, ameshika hewa kwa mikono miwili, viganja vimefumbata mahali mpini ungekuwa. Akashuka hatua moja moja, akiegemea nyuma kidogo, kama anazuia uzito. Alipofika chini alibaki pale ameinama.

Mzee Mita alifariki wiki iliyofuata, asubuhi, usingizini. Neno lake la mwisho, safari hii, mkewe alikuwepo kulisikia. Aliomba maji. Ndilo hilo tu, na Mama Stempu analirudia kwa makini, kwa namna ileile aliyolitamka.

Mwanawe alitaka amchukue mama yake akaishi naye. Alikataa. Habari ya zege haikutajwa tena.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha nilimwona Mama Stempu uani amepiga magoti juu ya baraza, na ndoo ya maji ya sabuni, na kisu butu. Nilimwambia ampigie simu Pima Mbili. Alisema atamwita kwa mafuta na boriti, kusugua hakuhitaji fundi. Basi nikafunga kazi, nikazunguka kwa mlango wa mbele, nikachukua brashi ya pili. Tulianzia mlangoni. Ubao wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu niliona mabega yake yanacheza, nikaacha brashi nikamsogelea.

"Endelea kusugua, jirani," alisema bila kuinua kichwa. "Sabuni inakauka."